Sifa ya Kupigwa

Mume wangu Uweso ni mtu wa Moa, aliyekuja Tanga kutafuta kazi akaipata bandarini, kwenye maghala ya katani. Mchana hubeba robota. Jioni huenda kwenye chama cha ngumi hapa Nguvumali, na mazoea hayo aliyaanza kabla hajanioa. Mapambano aliyoshindwa ni mengi kuliko aliyoshinda. Mtu yeyote wa mtaani atakwambia hivyo, na wengine watakwambia wakicheka. Lakini hajapata hata siku moja kulala chini mpaka hesabu ikaisha. Hushindwa akiwa amesimama, kisha hurudi nyumbani uso umevimba akauliza mtoto amekula nini.

Mboni wetu alipoanza kutambaa, niliona jambo. Nikimpa baba yake kikombe kwa upande wa kulia, mkono wake hupapasa hewa kwanza. Mtoto akimwendea upande ule, hageuki mpaka aguswe. Nilipomwuliza alisema ni vumbi la katani. Nikamwambia vumbi halichagui jicho moja likakaa humo miezi. Mwishowe alikiri kwamba jicho la kulia linaona kama mtu anayetazama kupitia chandarua, akanikanya nisimwambie mtu, maana msimamizi wa ghala akijua, kazi hana.

Njia ya kutokea ilikuwa moja. Chama kilikuwa kinatafuta mwalimu wa vijana. Mwalimu hapigani, husimama nje ya kamba akaelekeza. Uweso aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote, nami nilimwombea kila sala, kwa kuwa akiipata angetoka ulingoni na heshima yake bila mtu kuuliza habari za macho.

Wazee wa chama walikuja kulizungumza jambo hilo barazani kwetu Ijumaa moja, baada ya sala. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na mama mkwe, Bi Mwamvua, tunaangalia kahawa. Wa kwanza kusema alikuwa Kombo, fundi cherehani, aliyetaka ualimu umwendee mpwa wake. Alisema mpwa wake ameshinda karibu kila pambano, na kazi ya ngumi ni kushinda.

"Mwenye kushindwa atawafundisha nini vijana?" akauliza. "Kuanguka?"

Mzee Sadalla, mkubwa wa chama, alimwomba awataje hao walioshindwa na mpwa wake. Kombo akajifanya anapoza kahawa. Basi Mzee Sadalla akawataja mwenyewe: mpishi mmoja aliyekuwa hajapata kuvaa glovu, kijana wa shamba la mkonge aliyepanda ulingoni ana homa, na wengine wa namna hiyo. Kisha akawataja waliomshinda Uweso, na kila jina lilipotajwa watu waliguna, kwa kuwa ni majina yanayojulikana mpaka Unguja. Alisema kila aliyetaka kuwa mtu katika pwani hii alipitia kwanza mikononi mwa Uweso, na kwamba kushindwa na watu kama wale ni kitu cha kumwongezea mtu, si cha kumpunguzia.

"Kwa hesabu hiyo," Kombo akasema, "kuku wangu aliyeliwa na kicheche juzi naye ni bingwa."

"Kuku wako kaliwa mara moja tu, bwana. Huyu wanamla, na asubuhi yuko bandarini anabeba katani."

Baraza zima lilicheka, na Uweso naye. Bi Mwamvua alinibana mkono. Tulidhani yamekwisha.

Kombo hakubisha tena. Alisema kwa sauti ya upole kwamba amekubali, wazee wamemfumbua macho. Ila kuna jambo dogo. Siku ya Idi anakuja bingwa kutoka Mombasa, na hapa Tanga hajapatikana mtu wa kusimama naye, hata mpwa wake hataki, anaogopa kuliharibu jina lake.

"Basi asimame Uweso," akasema. "Si tumeafikiana kwamba kushindwa kwake ni sifa? Akishindwa, tutamwongezea hiyo nayo. Ualimu apewe baada ya Idi."

Niliona kwenye upenyo wa pazia Mzee Sadalla anasugua ndevu, anatafuta pa kulishika neno lile, hapaoni. Mwisho akamwuliza Uweso mwenyewe. Na Uweso angejibu nini? Akikataa, ndiyo kusema yale mapambano yote ya nyuma yalikuwa kipigo tu.

"Nitapigana," akasema.

Usiku ule nilimsihi asipigane, akajifunika shuka akalala. Kesho yake nikafanya tufanyavyo wanawake: nilikwenda kwa Bi Sabiha, mkewe Mzee Sadalla, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza habari ya jicho, nikamwomba amnong'oneze bwana wake. Aliniahidi kwa kiapo.

Alikuja baadaye, akaketi mkekani, akampakata Mboni na kumchezea vidole muda mrefu. Hakunitazama.

"Mwanangu, wanajua," akasema. "Wanajua tangu masika. Hao wa Mombasa wenyewe walitaka mtu mwenye jina ambaye hatamdhuru kijana wao. Mzee anasema usiwe na hofu, mchezo utakuwa mwepesi."

Nilimweleza Uweso yote nikitumaini atakasirika, na hasira zimtoe. Alikuwa akishona kamba ya kiatu. Hakuinua kichwa.

"Najua kama wanajua," akasema.

Nikamwuliza kwa nini basi anakwenda.

"Mama Mboni, nikitoka leo bila ualimu nina nini? Nimepigwa miaka yote hii bure, na jicho nimelitoa bure. Wao wakisema ni sifa, itakuwa sifa. Sharti niingie ndipo nitoke."

Nikamwambia, na baada ya Idi atakuja mgeni mwingine, na neno litakuwa lilelile, maana mwalimu huyu hapunguzwi na kushindwa. Aliendelea kushona. Nikafahamu kuwa hilo pia alikuwa amekwisha kuliwaza.

Siku ya Idi tulikula pilau mapema. Alininyooshea mikono nimfunge vitambaa, akaniambia nikaze. Nje walikwisha kufika watu wa chama, wanamwita "Mwalimu! Mwalimu!" na niliona jinsi uso wake ulivyopokea jina lile. Vidole vyangu vilitaka kulegeza, vikashindwa. Nikakaza kama alivyotaka.

Alipotoka nilisimama na Mboni mlangoni. Mbele ya nyumba yetu pana mtaro. Kombo alimjia upande wa kulia, akamshika kiwiko taratibu, akamvusha, huku anaendelea kuzungumza na wenzake, wala hakuna aliyestaajabu.