Ndege ya Mwalimu na Ng'ombe wa Tata

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa redio. Nilipewa ndege!

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika karakana ya redio mjini Kisii. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini kichwani nilikuwa injinia kamili. Fundi Mkuu, mzee wa Kiislamu ambaye kofia haikumtoka kichwani, aliniwekea mezani ndege ndogo ya kuongozwa kwa rimoti, bawa moja limevunjika. Mwenye ndege, mwalimu wa sayansi kutoka Nyamira, aliiunda kwa mikono yake, kisha ikaanguka kule kwenye milima ya Manga. Aliileta imefungwa blanketi kama mtoto mgonjwa. Nusura nilie.

"Binti," Fundi Mkuu akasema, "hapa sheria ni moja. Aliyetengeneza ndiye anayewasha mbele ya mwenye mali. Ikilia, una kazi. Ikinyamaza, unarudi kulima."

"Na hii, mzee, inaliaje?"

"Hii italia huko juu. Utairusha wewe."

Ndani ya ndege hukaa kipokezi, kijisanduku kinachosikiliza amri za rimoti, kisha huviambia vijimota vivute usukani ulio mkiani. Waya mmoja ulikuwa umeachia. Nikaulehemu, yaani nikauunganisha kwa risasi iliyoyeyushwa. Bawa nikaliunga kwa gundi na vijiti vya mbao nyepesi. Halafu tukapima masafa: Mwalimu alisimama na ndege, nami nikaenda mbali na rimoti, nikichezesha kijiti chake huku na huku. Akanipungia mkono kwamba usukani bado unatii. Unatii! Niliruka kama mwanakondoo.

Jumapili tukaenda malishoni, karibu na kwetu Suneka. Tata, yaani baba yangu, alikuwa analima shamba la jirani kwa ng'ombe wake wawili. Akasimamisha plau.

"Mwalimu, ndege yako ikiangukia shamba hili, naichoma na kuila."

Injini ikanguruma, ndege ikakimbia nyasini, ikapaa. Jamani, ikapaa! Ilipokuwa ikienda mbele yangu, kijiti kulia, ndege kulia. Lakini nilipoigeuza irudi, ikaelekea mikaratusi. Nikaielekeza mbali na miti, ikazidi kuifuata. Ndege ikikujia, kulia kwake ni kushoto kwako. Mwalimu alikuwa amenifundisha hilo, ila mikono yangu haikuwa imesikia. Yeye mwenyewe alishajifunika uso. Fundi Mkuu alikuwa anaomba dua.

"Kemunto!" Tata akapaza sauti kutoka shambani. "Mbona unaitazama usoni kama ng'ombe? Toka huko mbele! Shika plau!"

Nikaelewa papo hapo. Tangu utotoni mimi ndiye niliyetangulia ng'ombe, nikigeuka kila mara kuwatazama usoni. Yeye alikaa nyuma na plau, akitazama wanakotazama wao. Basi nikaipa ndege mgongo, nikaiangalia juu ya bega langu, sote tukaelekea upande mmoja. Kulia kukawa kulia. Ikapita kando ya mikaratusi, majani yakatikisika, ikatua na kukimbia nyasini hadi ukingoni mwa shamba.

"Imelia," Fundi Mkuu akasema, akipangusa jasho. "Kesho uje mapema, fundi."

"Kesho hapana," Tata akajibu. "Kesho ana kazi na mimi. Atakuja Jumanne."

Nilifanya kazi Kisii, nikahamishiwa tawi la Masimba, mwisho Nyamira, ambako mimi mwenyewe niliitwa Fundi Mkuu. Kila niliyemfundisha nilimpa sheria ileile ya kuwasha mbele ya mwenye mali, maana hofu ile hufundisha kuliko mimi. Sasa nimestaafu, lakini nikisikia ndege hukimbia nje kama mtoto.

Vijana huniuliza ni lini hasa nilianza kuwa fundi. Wanadhani nitasema Jumapili ile. Mimi huwaambia ni Jumatatu yake, pale Tata alipotangulia yeye mbele ya ng'ombe, akaniachia plau.