Nepi za Mama Mdogo Stella

Harufu ninayoikumbuka kuliko zote ni ya nepi zilizokuwa zikikaukia juu ya jiko la mkaa. Mvua za Songea zikishika, kamba ya kuanikia nguo haina kazi, kwa hiyo jikoni kwetu, mtaa wa Lizaboni, nepi za mdogo wangu Deo zilining'inia juu ya vichwa vyetu, zikitoa mvuke wa sabuni ya mche, moshi na mkojo uliokataa kutoka wote. Mama alizifua kila siku kwa maji ya baridi, na zilizogoma kukauka alizipiga pasi ya mkaa. Ngozi ya vidole vyake ilipasuka. Akishika chumvi au ndimu alikunja uso, akaendelea na kazi. Nilikuwa na miaka tisa, nikidhani mikono ya akina mama wote iko hivyo.

Maduka yalikuwa yameanza kujaa tena baada ya kipindi kirefu cha foleni za sabuni na sukari, lakini nyumbani bado tuliishi kwa mazoea ya foleni. Chupa ya mafuta ilioshwa ikarudishwa dukani kujazwa, kopo la maziwa likawa kikombe, na gazeti lililofungiwa maandazi lilinyooshwa likasubiri kuwashia moto. Pipa la taka hatukuwa nalo, wala sikumbuki tukilihitaji. Ndipo mama mdogo Stella, mdogo wake mama aliyeolewa na mfanyabiashara Dar es Salaam, alipokuja kukaa nasi msimu ule wa mvua na binti yake mchanga. Alishuka na maboksi makubwa ya nepi za kutupa, nyeupe, laini, kila fungu ndani ya mfuko wake wa plastiki. Majirani walikuja kuzishika. Mama alicheka aliposikia kwamba hazifuliwi. "Sasa zinakwenda wapi?" aliuliza. Mama mdogo alionyesha chooni kwa kidevu.

Baada ya muda Deo naye akaanza kuvalishwa. Mama alijizuia mwanzoni, akisema ni za mtoto wa wenyewe, lakini mdogo wake hakutaka kusikia. Zile za kitambaa zikakunjwa na kuwekwa kabatini, na jikoni pakabaki harufu ya chakula tu. Vidole vya mama vikapona. Alasiri moja nilimkuta amekaa barazani, redio inaongea, hana kitu chochote mikononi. Nilimuuliza kama anaumwa. "Nimekaa tu, Rehema," alijibu, akanivuta nikae karibu yake, akaanza kunisuka taratibu, mistari myembamba ambayo siku nyingine asingekuwa na nafasi nayo. Sikuwa nimewahi kumwona mama amekaa tu.

Choo chetu kilikuwa cha shimo, na tulikitumia pamoja na familia ya Mama Zuhura, watu wa Namtumbo waliopanga vyumba vya uani. Baba, karani wa serikali aliyehamishiwa Songea kutoka Tabora, alikuwa amekichimba mwenyewe na kukijengea vizuri, na alipenda kuwaambia wageni kwamba tutazeeka nacho. Asubuhi moja, baada ya mvua iliyonyesha mfululizo, Mama Zuhura alisimama mlangoni kwetu, kajiziba pua kwa kanga. "Mama Rehema, njoo uone. Sisi tunasali, jamani, na najisi imefika mlangoni." Shimo lilikuwa limejaa maji, na maji yalikuwa yamepandisha zile nepi. Zilikuwa zimevimba kama mito ya kulalia, zimeziba tundu, nyingine zinaelea hadi uani.

Baba hakumkaripia shemeji yake. Alimgeukia mama. "Choo hiki nilichimbia watu, sikuchimbia mizigo ya dukani. Huu ni upuuzi na ufujaji." Mama mdogo alianza kulia. Mama alikuwa amembeba Deo, na sauti yake haikupanda. "Baba Rehema, nepi ngapi umefua tangu tuoane? Choo kimejaa, kweli, na tutachimba kingine. Lakini usiite upuuzi kitu ambacho hujui kilikuwa kimenipunguzia nini." Mama Zuhura akatazama pembeni, ila nilimwona akitabasamu.

Shimo jipya lilichimbwa kwenye mvua, baba na mume wa Mama Zuhura wakipokezana sururu. Nepi zilizosalia mama mdogo alirudi nazo Dar es Salaam, na za kitambaa zikatoka kabatini. Jumamosi iliyofuata baba alichukua beseni, akachuchumaa uani mbele ya macho ya mtaa mzima, akafua. Alifua vibaya. Mama alizirudia nyingine. Ila kila Jumamosi baba alilichukua beseni, mpaka Deo alipoacha kuvaa nepi.

Leo Lizaboni nepi za kutupa zinauzwa moja moja kila duka, na zilizotumika naziona kwenye mitaro mvua inaponyesha, mbwa wakizigombania. Ni taka nyingi, tena za watu tusio na pa kuzipeleka. Hata hivyo, wanaozilalamikia barazani karibu wote ni wanaume wa rika langu. Huwa nawasikiliza mpaka mwisho, kisha nawauliza alichouliza mama: wamefua ngapi. Mpaka sasa ni mmoja tu aliyenijibu kwamba amewahi kuzifua, naye ni Deo.