Miguu ya Kulia Imebaki Ndani

"Dakika kumi na tano, mama," alisema mhandisi. "Mtu mmoja, kofia ngumu kichwani, kuingia mara moja tu. Saa sita tunabomoa."

Mama Soli alisikia vizuri, lakini alimfanya arudie, majirani wote wawe mashahidi.

Siku tisa zilikuwa zimepita tangu tetemeko liitikise barabara ya maduka kama mtu akung'utaye mkeka. Nusu ya majengo yalikuwa na alama nyekundu ukutani, na kila mwenye alama alipewa nafasi moja ya kuokoa chake. Fundi saa alitoka na saa zake. Muuza vitambaa, kwa kiwewe, alitoka amekumbatia kiti cha kuzunguka na kalenda ya mwaka juzi. Sasa ilikuwa zamu ya fundi viatu.

Mama Soli hakutaka mashine wala ngozi. Alitaka kalibu zake, ile miguu ya mti ambayo huvikwa kiatu kinaposhonwa. Kwa miaka thelathini na moja, kila mteja wake alichongewa jozi yake, yenye kinundu chake na kidole chake kilichopinda.

"Ngozi nitanunua," alimwambia binti yake kitinda mimba. "Miguu ya watu nitainunua wapi?" Kalibu zikipondwa, kazi imekwisha. Kuchonga jozi mia na hamsini upya, mikono yake isingekubali.

Kwa hiyo walifanya mazoezi. Binti alilichora duka kwa chaki kwenye sakafu ya sebule, mama akakimbia na gunia mara kumi na moja, binti ameshika saa.

"Umechelewa sekunde ishirini. Ulisimama kufanya nini?"

"Nilikuwa naomba radhi kwa meza yako. Nimeigonga."

Basi mhandisi alipopiga filimbi, Mama Soli aliingia kama mshale. Vumbi, harufu ya gundi, cherehani imelala kifudifudi. Rafu zilikuwa zimeanguka na kalibu zimetapakaa, lakini miguu yake iliijua njia: kushoto, kaunta, kona, dirishani. Alizoa, akajaza, akaburura hadi mlangoni, akarudi. Moyo ulimdunda kwa raha ambayo hakuwa ameionja tangu utotoni. Dakika ya kumi na nne alikuwa nje na magunia manne, na barabara nzima ikamshangilia.

Binti akafungua gunia la kwanza. Akatoa kalibu moja, akatoa ya pili, akatoa ya tatu.

"Mama. Mbona zote za kushoto?"

Mama Soli akashika kiuno. Mjomba wake, aliyemfundisha kazi, aliwahi kuibiwa. Tangu hapo za kushoto zilikaa chumba cha mbele na za kulia chumba cha nyuma, mwizi akibeba asifaidi. Mama Soli aliurithi ujanja huo na kujivunia miaka yote. Lakini sebule yao ilikuwa fupi, na mchoro wa chaki uliishia kwenye mlango wa jiko. Chumba cha nyuma hakikuchorwa. Alikimbia vilevile alivyofanya mazoezi, hatua kwa hatua.

"Akili nyingi huondoa maarifa!" alipiga kelele muuza vitambaa kutoka kwenye kiti chake cha kuzunguka. "Mjomba kamkomesha mwizi, kamkomesha na mpwa wake!"

"Wewe nyamaza, mwenye kalenda."

Mhandisi alitikisa kichwa kabla hajaombwa. Dari ya nyuma ilikuwa imelegea, haingii mtu.

Hapo mlango wa katapila ukafunguliwa, akashuka dereva, pande la mtu liitwalo Kumi na Nne kwa sababu ya saizi ya viatu vyake.

"Mama Soli, mguu wangu wa kulia uko wapi?"

"Nyuma. Rafu ya juu."

Dereva akavitazama viatu vyake, akaitazama saa. "Injinia, nilikuwa nianzie mbele. Nikianzia nyuma, kwenye kichochoro, kuna dhambi?"

Mhandisi alizunguka jengo, akakagua nyufa, akarudi. "Hakuna. Ila taratibu."

Watu wakakimbilia upande wa pili, nje ya utepe wa hatari. Mkono wa katapila ukanyooka, ukaubandua ukuta wa nyuma kama mtu anayemenya yai la moto. Vumbi lilipotulia, ndoo iliingia, ikachota, ikarudi, ikamimina juu ya turubai miguu ya mti, kwa kishindo. Barabara ikalipuka kwa vifijo. Wakaanza kuoanisha, kila mtu akitafuta wake.

"Huu wangu! Nakijua kinundu changu!"

"Hicho kinundu cha mama mkwe, kiache!"

Kufikia saa sita kasorobo, jozi zote zilikuwa zimetimia isipokuwa sita. Moja ilikuwa ya dereva. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepasuka vipande viwili.

"Kaa chini," Mama Soli alimwambia, akivua futi ya kupimia shingoni. "Vua kiatu."

Jitu likakaa ukingoni mwa barabara. Mama Soli akapiga magoti, akapima, akapima tena.

"Umeongezeka."

"Mtu mzima hakui miguu, mama."

"Wa kwako haujapewa taarifa."

Mhandisi akaja mbio, anagonga saa yake kwa kidole. "Mama, huyo ni dereva wangu! Tunabomoa sasa hivi!"

"Dakika kumi na tano, injinia," alisema Mama Soli bila kuinua kichwa. "Mtu mmoja, mara moja tu."