Koti la Baba Yake Revelian

Mwanangu Revelian hajawahi kufungwa, wala sikumfukuza nyumbani. Hapa Kimara wapo waliokwisha kumzika kwa maneno, na wapo wanaosema koti la baba yake nimempa mkwe wangu. Koti hilo halikutoka kabatini mwangu hadi siku ya kumvika yeye.

Katika ukoo wetu, matanga yanapokwisha, mtoto mkubwa wa kiume huvikwa koti la marehemu, na ndiye anayeshika nyumba. Mume wangu alipofariki, Revelian alikuwa ameshikwa na heroini. Baba yake mdogo, Daniel, alikataa kumvika.

"Shemeji, asubuhi atalivaa, jioni limeuzwa."

Tukakubaliana lisubiri. Asipopona, koti na nyumba vingekwenda kwa mtoto wa Daniel.

Nikampeleka Kimbiji, kwenye nyumba ya kanisa ya waraibu anayoisimamia Bruda Albano. Wanalala hukohuko. Alfajiri sala, kisha kazi ya mikono, jioni darasa la kidato cha nne alichokiacha njiani. Walipomweka kwenye ushonaji nilimuuliza Bruda kwa nini si kompyuta, maana baba yake alikuwa mkaguzi wa shule.

"Mama, mikono yake bado inatetemeka," alinijibu. "Kompyuta itamfichia. Uzi hautamfichia."

Mwaka wa pili, baada ya Pasaka, Bruda alimruhusu aje, na ukoo ukakutana sebuleni kwangu. Jirani yangu Anjelina alikuja pia, bila kualikwa, na kiti chake.

Daniel alimvika. Koti likampwaya, mikono ikafunika vidole. Mume wangu alikuwa mtu wa mabega.

"Hilo koti linamtafuta mwenyewe," Anjelina akasema, na watu wakacheka.

Daniel hakucheka. "Koti la marehemu halipigwi mkasi. Kama halimkai, basi si lake."

"Baba mdogo, nani kataja mkasi?" Revelian akauliza.

Akalivua, akaligeuza ndani nje, akaketi kwenye cherehani yangu barazani. Ukoo mzima ukahamia mlangoni.

"Makubwa. Teja naye anashona?" Anjelina akauliza.

"Anashona, mama Anjelina. Na hilo gauni lako lililofumuka kwapani, lilete tu."

Anjelina akainua mkono kutazama kwapa. Safari hii hata Daniel alicheka.

Mimi nilikuwa natazama vidole vya mwanangu. Vilisukuma kitambaa polepole, na mshono ukatoka umenyooka toka begani hadi kiunoni, kisha akapinda mikono ya koti kwa ndani. Alipolivaa tena, lilimkaa.

Daniel akapitisha kidole gumba kwenye mshono. "Kitambaa kilichozidi umekipeleka wapi?"

"Kipo ndani, nimekikunja. Nikinenepa nitakiachia."

Daniel alimfunga vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, kisha akaniambia, "Shemeji, pakua chakula. Mwenye nyumba ana njaa." Nikaingia jikoni, nikakaa kwenye kigoda, nikapumua. Ndizi zilisubiri kidogo.

Revelian amerudi Kimbiji kumalizia masomo. Akirudi ataishi humu, ndani ya nyumba yake, na cherehani itakaa barazani watu waione.

Wanaotaka kujua nani alimwonjesha heroini, na nini kilipotea humu ndani siku zile, wasinifuate kanisani. Hayo ni ya nyumba hii. Sisemi tena.