Programu Nyepesi Niliyoionea Aibu Ukweni

Kuchagua programu ya kuandikia PHP si jambo la kumtia mtu mzima aibu. Mimi limenitia, na mpaka leo nikisikia feni ya kompyuta ikivuma uso unaniwaka.

Natengeneza kurasa za mtandaoni hapa Handeni, nyumbani kwangu. PHP ni lugha ya kuziamrisha kurasa hizo, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuiandika kwa programu yoyote, hata ile ya kawaida kabisa. Kompyuta yangu ni ya mkononi, kuukuu, ilishatumiwa na wengine kabla yangu. Nilijaribu programu mbili. Moja ilikuwa nzito: ina rangi kama kanga, madirisha kila pembe, inakukosoa hata kabla hujakosea. Nikiifungua, kompyuta inanguruma kama mashine ya kusaga na kila kitu kinakwama. Nyingine ilikuwa nyepesi: karatasi nyeupe na maandishi, basi. Ukiigusa imefunguka, ukitafuta neno umelipata. Mwenye akili timamu angechagua nyepesi, nami nilikuwa nimeichagua.

Ndipo ikaja simu kutoka ukweni, Lutindi, juu milimani upande wa Korogwe. Mama mkwe wangu ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa iliki, na ukurasa wao niliutengeneza mimi, zawadi ya mkwe. Sasa kikundi kilikuwa kimebadili laini ya simu, na ile namba ya zamani ilikuwa imeangukia kwa mtu asiyejulikana ambaye wanunuzi wakimpigia anawatukana. Kuibadili ningeweza hapahapa Handeni huku nakunywa chai. Lakini baba mkwe alisema, "Njooni mtengenezee huku huku, na sisi tuione hiyo kazi."

Hilo neno "kazi" ndilo lililonichoma. Tangu tuoane walikuwa wanamuuliza mke wangu, kwa adabu zote, mumewe hasa anafanya nini. Asubuhi hatoki, shamba hana, duka hana. Mke wangu akiwajibu kwamba nashughulika na mtandao, baba yake anauliza kama napanda ile minara. Kwa hiyo nilikuwa naitwa kuthibitisha kwamba binti yao hakuolewa na mtu wa kukaa bure.

Nikairudia programu nzito. Nyepesi niliionea haya. Nani ataamini kwamba karatasi nyeupe ni kazi? Ile nzito ukiitazama unaona kabisa kuna mtaalamu hapa.

"Hiyo si ndiyo inayokwama?" mke wangu aliniuliza tukifunga mizigo.

"Itakwenda," nikamjibu, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuulizwa tena.

Sebuleni Lutindi baba mkwe alivuta kiti karibu nami, na majirani wawili watatu waliokuja kutusalimia wakabaki kuona. Mama mkwe ni wa adabu za zamani: haketi chumba kimoja na mume wa binti yake. Alibaki nyuma ya pazia la mlango wa jikoni, na maneno yetu yakapitia kwa mke wangu aliyesimama katikati, ingawa nilikuwa nasikia hata kijiko chake kikigonga kikombe.

"Muulize mkwe, imeanza?"

"Mwambie mama, inafunguka."

Haikufunguka. Feni ikaanza kunguruma.

"Muulize mkwe, mbona inalia?"

"Mwambie mama, inafikiri."

"Inafikiri sana," baba mkwe akasema, na majirani wakatazama chini ili wasicheke.

Madirisha yalitokea nusu, kisha kioo chote kikaganda. Nikaizima, nikaiwasha upya, ikaganda palepale. Jasho jembamba likanishuka mgongoni na baridi yote ile ya mlimani. Chai yangu ikapoa mbele yangu, nami nikaona aibu hata ya kuinua kikombe.

"Mwambie mkwe," ikaja sauti ya upole nyuma ya pazia, "kama inaumwa, tusiitese."

Nikashindwa. Niliiwasha tena, nikafungua ile nyepesi, nayo ikafunguka papo hapo kama iliyokuwa inangoja kuitwa. Nikatafuta namba ya zamani, nikaifuta, nikaandika mpya, nikapandisha faili mtandaoni. Baba mkwe akafungua ukurasa kwenye simu yake, akaiona namba mpya. Nikainua kichwa kungoja sifa.

"Kumbe ni hilo tu?" akasema.

"Ndiyo, baba."

"Kufuta namba na kuandika namba."

"Ndiyo, baba."

Hakunidhihaki. Afadhali angenidhihaki. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyepatwa na msiba, na nyuma ya pazia nikasikia mama mkwe akishusha pumzi. Programu nzito ilionyesha siwezi kazi. Nyepesi ikaonyesha kazi yenyewe haipo. Ningeeleza vipi, wakati mimi mwenyewe ndiye niliyeanza kuionea haya? Mke wangu alikuwa anatazama sakafu, na hilo liliniuma kuliko yote.

Wakati wa kuaga mgeni hatoki mikono mitupu. Tulipewa ndizi, tukapewa iliki, kisha mke wangu akatoka jikoni amebeba jembe jipya, tayari lina mpini.

"Mama anasema," akaniambia kwa sauti ndogo, "kule Handeni ardhi ipo. Ukipumzika na kompyuta, ulime."

Nililipokea kwa mikono miwili, maana zawadi ya mkwe hairudishwi. Kwenye basi la kutoka Korogwe nilikaa nalo katikati ya magoti, kompyuta nikaisukumia chini ya kiti. Abiria mmoja akaniuliza kama nimetoka dukani. Nikamwambia nimetoka ukweni, naye akalitazama jembe, kisha akanitazama mimi.

Nililima nyuma ya nyumba, kwa sababu jembe la mama mkwe halikai bure. Programu nzito niliifuta, na kwa ile nyepesi nimepata wateja mpaka Mkata. Mvua zilipoanza mama mkwe alipiga simu, mke wangu akaiweka sauti ya juu.

"Muulize mkwe, mahindi yameota?"

"Mwambie mama, yameota."

"Tunashukuru. Basi binti yangu hatalala njaa."

Nilikuwa mbele ya kompyuta, kazi ya mteja imejaa kwenye kioo, nikainamisha kichwa kana kwamba ananiona.