Pumzi za Mkono

Mtaa mzima walimwita Mama Mvukuto, na hakuchukia. Miaka thelathini na mitano alimvukutia moto mumewe mhunzi, na kila jembe lililotoka pale bandani kwao nusu ya jasho ilikuwa yake, apende mtu asipende.

Basi siku hiyo mhunzi akaanguka, mshipa wa kichwa umepasuka. Hospitalini mashine ya kupumulia ilikuwa moja, nayo ilikuwa na mgonjwa wake. Muuguzi akamkabidhi Mama Mvukuto mpira wa kusukumia hewa kwa mkono, uliounganishwa na bomba la kooni kwa mumewe.

"Bonyeza, achia. Bonyeza, achia. Ukiacha wewe, na yeye anaacha."

"Mwanangu, kazi hiyo unamfundisha nani?"

Siku mbili wakapokezana, yeye, binti yake, na shemeji yake, mdogo wa mhunzi. Siku ya tatu daktari akasema wazi: ubongo umeshakufa, hatazinduka. Hospitali ya kulipia wanayo mashine, ila itamweka hivyo hivyo alivyo.

"Tuuze banda," binti akasema. "Fuawe, vyombo, kiwanja, vyote."

"Halafu mama yako ale nini, moshi?" shemeji akamjibu. "Mwacheni kaka apumzike, jamani. Huku ni kumtesa."

"Baba mdogo, una haraka ya nini?"

"Nyamazeni! Anawasikia." Mama Mvukuto alifoka, mkono ukiendelea na kazi yake.

Ilipofika adhuhuri vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Binti akasogea, mikono kainyoosha. "Nipe mimi, mama."

Akamtazama binti. Akamtazama shemeji, aliyesimama ng'ambo ya kitanda macho sakafuni. Mpira akampa shemeji. Akamshika binti bega. "Twende bombani, nikanawe uso."

Waliporudi, mpira ulikuwa juu ya shuka, na shemeji amekaa, mikono mapajani.

"Amekwenda mwenyewe, shemeji."

Binti akapiga yowe. Mama Mvukuto akasogea kitandani. Aliushika mkono wa mumewe, ungali na joto.

Banda halikuuzwa. Shemeji ndiye anayefua chuma sasa, na Mama Mvukuto anavukuta. Lakini mvukuto ukivuta hewa hukoroma kama koo lile la wodini, naye husimama katikati ya kazi, kichwa kakiinamisha, anasikiliza, mpaka makaa yanaanza kufifia. Watu wanasema ni uzee. Uzee wa wapi!

Juzi, wakifua jembe, shemeji aliweka nyundo chini.

"Shemeji, siku ile mliponiacha na kaka..."

"Shika koleo. Chuma kinapoa."

"Nataka nikwambie tu, roho yangu itulie."

"Nimesema shika koleo!"

Akashika. Maana shemeji akisema alifanya nini, itambidi na Mama Mvukuto aseme kwa nini mpira hakumpa binti. Akavukuta. Chuma kikawa chekundu, kikawa cheupe, kikaanza kurusha cheche, na shemeji hakuthubutu kumwambia basi. Akavukuta mpaka jembe likaungua.