Flashi Nyeusi ya Kidakani

Mimi sipendi kuharakishwa, na kutengeneza flashi ya kuwashia kompyuta ni kazi isiyotaka haraka. Unaichomeka flashi kwenye kompyuta nzima, programu inaijaza Windows, kisha unaihamishia kwenye ile iliyokufa, nayo inaamka kwa flashi hiyo. Lakini kabla ya kujazwa, flashi husafishwa. Kilichokuwamo ndiyo kwaheri. Nimewaambia watu wa Amu maneno haya mpaka ulimi umeota sugu, nao hunijibu "naam, naam" kama waitikiao dua.

Asubuhi ile niliitwa nyumbani kwa khaloo, dadake mama. Alikuwa edani. Mumewe, fundi wa milango, alikuwa amefariki, na khaloo alikaa ghorofani, haonekani na mwanamume asiye maharimu wake. Aliyeniita ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye mimi namwita ami. Nilimkuta ukumbini chini, kompyuta ya nduguye mapajani. Ilikuwa haiwaki. Ilifika kwenye kioo cheusi ikasimama hapo.

"Nakshi zetu zote zimo humu," akaniambia.

Nilijua asemacho. Michoro ya milango ya ukoo ule, tangu ya babu yao, ilikuwa kwenye makaratasi mpaka mchwa walipoingia sandukuni. Marehemu aliwahi kuyapiga picha kabla hayajawa vumbi. Hazikuwapo pengine popote. Ami hajui kuchora. Mpe mchoro atakuchongea mlango wa kukuduwaza, lakini bila mchoro karakana yake ni patasi na mbao tu. Na baada ya adhuhuri alikuwa akimngoja mtu wa Shela anayejenga nyumba, aje achague nakshi.

Nikamuuliza kama ana hakika zimo humo. "Nimeziona kwa macho yangu kwenye kioo hiki," akasema. Kumwona mtu dirishani si kusema ndiko alalako, ila mfiwa habishwi.

Nikamweleza mpango. Tutaiamsha kompyuta kwa flashi, tutoe michoro kwanza, ndipo niiwekee Windows upya. Flashi yangu ilikuwa imeharibika, nikataka kwenda madukani kununua nyingine. Akakataa. Nyumba ina flashi, ya nini kununua? Akapanda ngazi hadi kwenye pazia, akakohoa kama ilivyo ada, akauliza. Nikamsikia khaloo akimjibu, "Ipo hapo kidakani, kwenye kijaluba. Haina kitu, twaa." Kidaka hicho, kishubaka cha ukutani, kiko kando tu ya pazia. Ami akashuka na flashi nyeusi.

Nikaichomeka kwenye kompyuta yangu, nikafungua programu, nikaichagua. Likatokea lile onyo kwamba vyote vilivyomo vitafutwa, je, uendelee? Kistari kinachoonyesha nafasi kilikuwa kimejaa, kimebakisha ncha. Flashi isiyo na kitu haiwi hivyo.

"Ami, hii ina vitu. Ngoja niifungue tuone."

Akakifunika kioo kwa kiganja. "Astaghfirullah, mwanangu, usifungue mbele yangu. Hivi ni vitu vya mwanamke, tena yuko edani. Pengine ni picha zake za harusi, kichwa wazi."

Nikamwambia nitaigeuza kompyuta, naye aangalie ukutani. Hakutaka. Zikiwa picha zake, akasema, ni heri zifutike kuliko kuzagaa mikononi mwa mafundi. Mafundi ndio mimi! Masikio yaliniwaka kwa hasira, lakini yeye ni mtu mzima na nyumba ni ya msiba.

"Basi naenda kumuuliza mwenyewe. Usiguse kitu, ami. Hata kidole."

"Naam, naam."

Ngazi za nyumba ile ni za mawe, nyembamba, na giza lake ni la mchana kutwa. Nilizipanda mbio na sijui kwa nini. Khaloo nilimkuta juu ya msala, anasali dhuha. Hakuna amkatizaye mtu sala yake. Nikasimama mlangoni nikimtazama anavyorukuu polepole, magoti yake mabovu. Niliogopa, nasema wazi, wala sikuwa na cha kunyooshea kidole. Kutoka chini nikamsikia ami akisema, "Bismillahi." Kwetu mtu husema bismillahi hata akitia sukari chaini. Nikajiambia anakunywa kahawa.

Khaloo akatoa salamu, kulia na kushoto. Nikamuuliza flashi aliyompa ami ni ya rangi gani.

"Nyekundu. Ya kijalubani."

"Yeye ameleta nyeusi."

Akainuka, akaenda kidakani, akakifungua kijaluba chake. Nyekundu ilikuwa imelala mle pamoja na pete alizozivua siku ya msiba. Ami hakukifungua. Kijaluba cha mke wa nduguye angekifunguaje? Alitwaa iliyokuwa nje, kando ya miwani ya marehemu.

"Ile nyeusi ni ya nakshi," khaloo akasema. "Kwenye kompyuta hakuziweka kamwe. Alikuwa akiogopa virusi."

Nikashuka ngazi mbili mbili, nikimwita ami aache. Khaloo akanifuata mpaka kwenye pazia. Kistari cha kijani kilikuwa kimetambaa karibu kufika mwisho, na ami ameketi kando yake, mikono magotini, ametulia. Nikaichomoa flashi. Ilikuwa ya moto. Nilipoirudisha sikukuta picha hata moja, ila mafaili ya Windows yaliyokatika nusu.

"Imekuwaje?" khaloo akauliza kutoka juu.

"Zimekwenda, khaloo," nikamwambia. Akaanza kulia, kilio cha chini kwa chini, kile ambacho hakukilia hata siku ya maziko.

Ami akasimama, akageuza uso wake mbali na ngazi kwa heshima, akamwambia kwa upole, "Usilie, Bi. Nimezifuta zote. Wallahi hakuna aliyeziona."